Bando moja, kompyuta tatu: Kwa nini moja inakimbia na nyingine inatambaa?

CHUKULIA nyumba moja ya biashara upande wa Tanzania wa mji wa Namanga. Ni saa nne asubuhi. Lori la vitunguu kutoka Mang'ola limeegeshwa karibu na kituo cha forodha, turubai limefungwa na jua linapanda. Wakala wa forodha amepiga simu mara ya tatu. Anataka ankara, cheti cha uasili wa bidhaa na cheti cha afya ya mimea, vyote vikiwa vimeskaniwa na kusomeka vizuri, ndipo aendelee na tamko la mzigo.

Mama mwenye mzigo ameketi kwenye chumba cha nyuma kinachotumika kama ofisi na stoo. Karatasi amekwisha kuziskani, barua pepe ameandika, viambatanisho ameweka. Kwenye kioo cha kompyuta kiduara kinazunguka tu. Hatua chache kutoka hapo, sebuleni, binti yake anayesoma chuo anafuatilia somo la video kwenye kompyuta mpakato, na picha haikwami hata mara moja. Pembeni ya ruta, kompyuta ya karani iliyochomekwa kwa waya inafungua kurasa bila shida.

Nyumba ni moja, ruta ni moja, malipo ya mwezi ni mamoja. Kinachofuata kinajulikana katika nyumba nyingi. Mama anamtuhumu binti kuwa ndiye anayemaliza kasi yote, binti anajitetea kwamba anasoma tu, na jioni wanakubaliana kuwa bando ni dogo na lipandishwe. Mwezi unaofuata malipo ya intaneti yameongezeka, lakini kompyuta ya stoo bado inatambaa vilevile.

Fedha hiyo imepotea kwa sababu swali la kwanza halikuulizwa. Kabla ya kuuliza bando ni kubwa kiasi gani, ilipasa kuulizwa kila kompyuta inalifikiaje.

Forodha imehamia kwenye kompyuta

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jambo hili si la starehe. Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze kutekelezwa mwaka 2014, sehemu kubwa ya kazi ya forodha hufanyika katika mifumo ya kompyuta kabla lori halijavuka. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimepunguza mara ambazo dereva anasimama, lakini kasi ya kituo haimsaidii ambaye stakabadhi zake hazijafika.

Mzigo mdogo, usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, bado unaweza kupata cheti chake rahisi cha uasili palepale mpakani. Ukivuka kiasi hicho, unahitaji wakala, ankara na viambatanisho. Nazo ankara zenyewe zimeingia mtandaoni: Uganda ina mfumo wa EFRIS tangu mwaka 2021, na Kenya ilileta eTIMS mwaka 2023. Kompyuta inayotambaa siku hizi inachelewesha mzigo sawa na tairi lililopasuka.

Ni zote au ni moja?

Barabara ya lami kutoka Arusha hadi Namanga ni moja kwa wote. Lakini duka moja liko kando ya lami, na jingine liko mwisho wa kichochoro chenye mashimo. Lori likiwa na injini ya nguvu kiasi gani, kwenye kichochoro litakwenda mwendo wa kichochoro. Intaneti ya nyumbani iko hivyohivyo. Lami ni laini inayotoka kwa kampuni hadi kwenye ruta. Kichochoro ni njia kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta fulani, pamoja na kompyuta yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: zinazotambaa ni kompyuta zote, au ni moja?

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo hakuna kompyuta inayopona ndani ya nyumba, iwe mpya au ya zamani, na hakuna la kufanya ila kungoja. Lakini kompyuta moja inapokwama wakati mbili zilizo jirani yake zinakwenda, bahari haina kosa, na mara nyingi kampuni nayo haina kosa. Tatizo liko ndani ya nyumba, na linaweza kutafutwa bila kumwita fundi.

Kupima kabla ya kulipa

Mfanyabiashara hanunui gunia bila kulipima, na kasi ya intaneti nayo hupimwa. Zipo tovuti za bure kama fast.com na Speedtest zinazoonyesha namba mbili: kasi ya kupakua na kasi ya kupakia. Maneno hayo yana maana ileile waliyoizoea watu wa malori. Kupakua ni kushusha kitu kutoka mtandaoni kuja kwenye kompyuta, kupakia ni kukipeleka. Anayetazama video anapakua. Anayetuma stakabadhi kwa wakala anapakia.

Hapa pana mtego wa vipimo. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde kwa hiyo hushusha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na hapo hakuna aliyeibiwa. Kurasa tano zilizoskaniwa kwa rangi zinaweza kufika megabaiti 10, yaani megabiti 80. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5, zitaondoka kwa sekunde 16. Kwa megabiti moja, zitachukua sekunde 80. Kasi ikishuka hadi sehemu ya tano ya megabiti, zitachukua karibu dakika saba, na tovuti nyingi huchoka kusubiri na kukata kabla ya hapo.

Kipimo kina masharti mawili. La kwanza, vifaa vingine vizimwe au vitolewe kwenye Wi-Fi kwa dakika hizo chache, vinginevyo unapima mabaki. La pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Anza na kompyuta iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonyesha kilichofika kutoka kwa kampuni. Kisha pima kompyuta inayosumbua ikiwa mahali pake. Kisha ilete karibu na ruta uipime tena. Mwisho, chukua kompyuta inayokwenda vizuri, ipeleke kwenye chumba chenye tatizo, nayo uipime. Wenye bando la kiasi maalumu wakumbuke kuwa kila kipimo kinakula data, na laini yenye kasi hula zaidi.

Katika ile nyumba ya Namanga, yenye laini ya megabiti 20, tuseme vipimo vya kupakua vilitoka hivi. Ya karani kwa waya, megabiti 19. Ya binti sebuleni, 18. Ya stoo, 2. Kompyuta ya stoo ilipobebwa hadi kando ya ruta ilipata 7. Ya binti ilipopelekwa stoo ilipata 9.

Namba hizo tano zinajieleza. Laini iko sawa, kwa sababu karani anapata karibu yote. Chumba cha stoo kina tatizo, kwa sababu hata kompyuta nzuri inapoteza nusu ya kasi ikiingia humo. Na kompyuta ya stoo nayo ina tatizo lake, kwa sababu hata ikikaa kando ya ruta haifiki nusu ya kile wenzake wanachopata. Hakuna bando kubwa linaloweza kuponya kimojawapo kati ya hayo mawili.

Ukuta, mabati na masafa

Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika yakipita kwenye vitu. Ukuta wa mbao au wa jipsamu huyapunguza kidogo, wa tofali zaidi, na wa zege lenye nondo zaidi tena. Chuma huyarudisha yalikotoka. Stoo ya mfanyabiashara mara nyingi imejaa vitu vya namna hiyo: mlango wa chuma, rafu za chuma, paa na pengine kuta za mabati, na tangi la maji nje ya dirisha. Maji nayo humeza mawimbi haya.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na ina msongamano. Ndani yake kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na hizo zinagombewa na ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata jiko la maikrowevu. Katika mtaa wa maduka uliobanana, ruta 15 zinaweza kuwa zinapigiana kelele humohumo. Ya 5 ina nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini huchoka haraka ikikutana na kuta.

Ndiyo maana kompyuta mbili zilizo chumba kimoja zinaweza kutofautiana: moja imeshika masafa ya 5, nyingine imeshika 2.4. Ruta ikitoa majina mawili ya Wi-Fi, aliye karibu achague la 5, aliye mbali alijaribu la 2.4. Na ruta yenyewe isifichwe ndani ya kabati wala nyuma ya televisheni. Iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba.

Umri wa kadi ya Wi-Fi

Kompyuta ya ofisini mara nyingi ndiyo ya zamani kuliko zote, kwa kuwa mpya ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto wa chuo. Ndani ya kila kompyuta kuna kadi ya Wi-Fi, na kadi hiyo ina kizazi chake. Kizazi cha 802.11g cha mwaka 2003 kiliandikiwa kasi ya juu ya megabiti 54, na kwa vitendo nusu yake au pungufu. Kizazi cha 802.11n kilichofuata mwaka 2009 kiliongeza kasi, lakini kadi nyingi za bei nafuu za kizazi hicho hutumia masafa ya 2.4 peke yake na antena moja. Kwa hiyo ruta mpya haiwezi kuifanya kadi ya zamani ikimbie kuliko uwezo wake.

Madhara hayaishii kwa mwenye kadi hiyo. Kwenye chaneli moja vifaa husemezana kwa zamu. Kifaa cha polepole, au kilicho mbali, hutumia muda mrefu kupokea kitu kilekile ambacho kipya kingepokea mara moja, na wengine husubiri zamu yao. Kompyuta moja iliyochoka huko stoo inaweza kupunguza kasi ya sebule nzima.

Dawa ipo ya bei ndogo. Kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB, inayopokea masafa yote mawili, huipa kompyuta ya zamani masikio mapya.

Waya nao una hila zake

Waya ndio njia ya uhakika zaidi. Waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi, na haujali zege wala mabati. Lakini si kila waya ni mzima. Ndani yake kuna nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili, na ya megabiti 1,000 hutumia zote nne. Uzi mmoja ukikatika, kwa panya au kwa mguu wa kiti, kompyuta inaweza kuendelea kufanya kazi lakini ikashuka daraja kimyakimya. Kichwa cha waya kilichobanwa vibaya huleta makosa yanayofanya taarifa zitumwe tena na tena.

Kwa laini ya megabiti 20, tundu la megabiti 100 linatosha na kubaki. Tatizo hilo huwahusu wenye laini ya faiba inayozidi 100. Kama kompyuta moja inagota kwenye 94 au 95 wakati nyingine inafika 200, kagua waya, tundu na swichi kabla ya kumpigia kampuni.

Mzigo uliofichwa ndani ya kompyuta

Wakati mwingine njia ni nzuri na kompyuta yenyewe imebeba mzigo usioonekana. Masasisho ya Windows hushuka bila kuomba ruhusa. Programu za kuhifadhi nakala hupeleka picha na faili mtandaoni muda wote. Programu za VPN huizungusha safari kupitia nchi ya mbali. Virusi navyo huiba njia. Windows 10, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za maduka, ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na kompyuta isiyolindwa hupata wageni hao kwa urahisi.

Kuangalia si kazi ngumu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya mtandao: programu iliyo juu ndiyo inayokula. Kama hakuna inayokula, tazama kumbukumbu na diski. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo na diski ya zamani hufungua kurasa polepole hata ikipewa intaneti ya aina gani. Hapo kinachochelewa ni mashine yenyewe.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Laini nyingi za nyumbani zimepewa nafasi kubwa ya kupakua na ndogo ya kupakia. Njia ya kupakia ikijaa, wanaotuma hukwama kwanza, na baadaye hata wanaopokea huanza kuhisi, kwa sababu kila ombi la kufungua ukurasa nalo lazima lipande kwa njia hiyohiyo.

Katika nyumba ya Namanga, mwizi wa asubuhi alikuwa simu ya mama mwenyewe. Kila siku hupiga picha na video za mzigo shambani, na simu ikiingia kwenye Wi-Fi ya nyumbani huanza kuzipeleka zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Binti aliyekuwa anapakua somo hakuona tofauti. Mama aliyekuwa anapakia stakabadhi aliona, na akamlaumu binti.

Bando lipandishwe lini?

Zipo siku ambapo bando ndilo lenye kosa. Kama kompyuta iliyochomekwa kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwe, inapata karibu kasi yote iliyolipiwa na bado haitoshi kwa kazi za nyumba, pandisha bando. Kabla ya kulipa, uliza kasi ya kupakia ya bando jipya, maana matangazo hutaja ya kupakua.

Kama kompyuta hiyo ya waya inapata kidogo sana kuliko kilicholipiwa, siku baada ya siku, hiyo ni hoja ya kumpelekea mtoa huduma. Andika tarehe, saa na namba za kila kipimo, asubuhi, mchana na usiku. Malalamiko yenye namba husikilizwa kuliko ya kusema tu kwamba intaneti ni mbaya, na yasiposikilizwa zipo mamlaka za mawasiliano za kila nchi, kama TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya na UCC kwa Uganda.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu karibu na mpaka wana jambo moja zaidi. Ruta hutafuta mnara, na mnara wenye nguvu unaweza kuwa wa nchi jirani. Ikikubali kuunganishwa huko, kasi hubadilika na gharama pia. Kwenye mipangilio ya ruta au simu, mtandao uchaguliwe kwa mkono badala ya kuachwa ujichagulie.

Turudi kwenye stoo. Waya wa mita 20 ulipitishwa juu ya dari kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya mama, na kipimo kikapanda kutoka 2 hadi 19. Simu iliwekwa mpangilio wa kupeleka picha usiku. Bando lilibaki lilelile, na lile la juu likafutwa. Binti hajabadilisha chochote.

Safari nyingine ya vitunguu, wakala atapiga simu mara moja tu, kusema kwamba stakabadhi amezipata.